Jumla imepanda kwa watoto 9: je, skuli yetu inapona?

Swali: Assalamu alaykum. Nasomesha skuli ndogo ya msingi ya Serikali, Unguja mjini, na mwaka huu nimekabidhiwa kazi ya takwimu. Mwaka 2019 tulikuwa na wanafunzi 402. Mwaka jana tulifika 309, mwaka huu tuko 318. Kamati ya skuli imefurahi, inasema tumeanza kupanda. Baadhi ya wazazi wanasema tutaunganishwa na skuli ya jirani, ni suala la muda tu. Tuna vyumba 7, walimu 12, na wanafunzi wote wanaingia asubuhi. Nimeleta idadi kwa darasa na jinsia, pamoja na wapya, waliorejea darasa, waliohamia, walioondoka na makaazi kama yalivyo daftarini. Nitajuaje kama tunapona au tunazama, na nizipange vipi takwimu ili afisi ya wilaya ikiuliza niwe na la kusema?

Jibu: Waalaykumu salaam, mwalimu. Hiyo 318 iweke pembeni kwanza. Jumla ya skuli ya msingi ni uandikishaji wa miaka sita uliorundikwa pamoja. Darasa la sita la leo linakuambia wazazi waliamua nini miaka mitano iliyopita, halisemi wanaamua nini sasa. Kwa hiyo skuli inaweza kuwa imeshapona na jumla bado inashuka, au inakufa huku jumla imetulia tuli. Utazame mambo mawili: watoto wapya hasa wa darasa la kwanza ni wangapi, na wanatoka shehia gani, yaani eneo la sheha gani. Mengine yote yanafuata hapo.

Idadi zako ni hizi:

| Darasa | Mwaka jana | Mwaka huu | Wanawake | Wanaume |
|---|---|---|---|---|
| I | 46 | 61 | 30 | 31 |
| II | 47 | 45 | 22 | 23 |
| III | 49 | 46 | 24 | 22 |
| IV | 52 | 50 | 26 | 24 |
| V | 56 | 54 | 28 | 26 |
| VI | 59 | 62 | 38 | 24 |
| Jumla | 309 | 318 | 168 | 150 |

Teremka nazo taratibu. Darasa la pili, la tatu, la nne na la tano yote yamepungua, wawili hapa, watatu pale, jumla yake watoto 9. Darasa la sita limeongezeka watatu. Darasa la kwanza limeongezeka 15. Kumbe furaha yote ya kamati imekaa kwenye darasa moja, kwa hiyo hilo ndilo la kupekuliwa.

Umesema kati ya 61 wa darasa la kwanza, 52 ni wapya, 5 wamerejea darasa, yaani wanalirudia mwaka wa pili, na 4 wamehamia kutoka skuli nyingine wakiwa tayari wameanza. Mwaka jana kati ya 46, wapya walikuwa 44 na waliorejea 2. Basi lile ongezeko la 15 lina watoto 8 tu walioanza skuli kwenu, 4 wa kuhamia, na 3 ni waliorejea darasa kuzidi mwaka uliopita. Aliyerejea darasa si mavuno mapya, ulishamhesabu mwaka jana. Ongezeko la wapya 8 si dogo kwa skuli ya ukubwa wenu, lakini ukiandika 15 kwenye ripoti, mtu wa wilayani anayejua kazi yake ataifumua kwa dakika mbili.

Tazama na darasa la pili, maana hapo pana somo kubwa zaidi. Mwaka jana darasa la kwanza lilikuwa 46, mwaka huu darasa la pili ni 45. Kwa jicho la haraka umepoteza mtoto mmoja. Sasa weka kwenye mizani idadi ulizozitoa daftarini: watano wamebaki darasa la kwanza, sita wameondoka skuli. Waliopanda ni 46 kutoa 11, yaani 35. Ili darasa la pili lifike 45 walihitajika wengine 10: watatu waliorejea darasa la pili, na saba waliohamia kutoka nje. Pale palipoonekana pamepungua mtoto mmoja pana watoto 21 waliobadilika: 11 hawakupanda na 10 wameingia. Kwa asilimia, waliopanda ni 76, waliorejea 11, walioondoka 13. Mtoto mmoja katika darasa hilo ni zaidi ya asilimia 2, kwa hiyo usije ukatangaza kwamba utoro umeongezeka kwa asilimia 4 wakati ni watoto wawili tu ambao mama yao amehamia Kwarara. Kwa skuli ndogo andika idadi kwanza, asilimia ifuate nyuma, na linganisha miaka mitatu mitatu badala ya mmoja mmoja.

Hesabu hiyo hiyo uifanye kwa kila darasa. Kanuni yake haibadiliki: waliokuwepo mwaka jana ni lazima wagawike kati ya waliopanda, waliorejea na walioondoka, na mafungu hayo matatu yakijumlishwa yarudi kwenye idadi ile ile. Yasiporudi, daftari lina kosa, na mara nyingi kosa ni mtoto aliyehama bila kuandikwa.

Jumla itakwenda wapi

Chukua dhana nyepesi kwamba kila darasa linapanda zima bila kupungua. Ikiwa kila mwaka mtaingiza 61 darasa la kwanza, jumla ya miaka mitano ijayo itakwenda hivi: 317, 324, 335, 350, 366. Umeona mwaka wa kwanza? Hata mambo yakienda vizuri kabisa jumla inashuka kwa mmoja, kwa sababu darasa la sita lenye 62 linatoka. Kamati ikiona 317 itasema tumeanza kuanguka tena.

Ikiwa mwaka huu ulikuwa wa bahati na mwakani mnarudi 46, jumla itakuwa 302, 294, 290, 290, 291, halafu ghafla 276 siku lile darasa la 61 litakapomaliza. Hapo katikati mtakaa miaka mitatu mnajisifu kwamba skuli imetulia kwenye 290. Utulivu huo umebebwa na darasa moja nene linalopanda ngazi.

Kwa hivyo mtu akikuuliza kama mnapona, jibu la haki kwa sasa ni kwamba mwaka mmoja hautoshi. Wapya wakifika 50 au zaidi kwa miaka mitatu mfululizo, hapo una la kusema.

Na hiyo 402 ya mwaka 2019 isifanywe kuwa enzi ya neema. Kwa madarasa sita ni wastani wa watoto 67 kwa darasa, na kwa vyumba 7 mlikuwa na chumba kimoja tu cha ziada. Lengo la Serikali ni watoto 45 kwa darasa, na majengo ya ghorofa yaliyojengwa miaka hii yamekusudiwa kufikia hapo na kuondoa mikondo miwili ya asubuhi na mchana. Skuli ikipungua kutoka 67 hadi 53 kwa darasa, mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza kusoma amefaidika. Kupungua kunakuwa msiba pale tu wapya wanapokauka.

Wanatoka wapi

Safu ya makaazi kwenye daftari lenu imejazwa kwa darasa la kwanza na la sita tu. Si haba, maana hayo mawili ndiyo yenye habari. Darasa la sita, 31 kati ya 62 wanakaa kwenye shehia tatu zinazoizunguka skuli. Darasa la kwanza, 19 kati ya 61. Kutoka nusu hadi chini ya theluthi ndani ya miaka mitano. Skuli yenu imebaki pale pale, mtaa ndio ulioondoka.

Sensa inasema vivyo hivyo. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 mwaka 2012, ukafika 893,169 mwaka 2022, yaani ongezeko la nusu nzima ndani ya miaka kumi. Lakini Wilaya ya Mjini peke yake ilikuwa na 223,033, na miaka kumi baadaye ikakutwa na karibu 219,000. Ongezeko lote limekwenda Magharibi A na Magharibi B: Fuoni, Kwarara, Tomondo, Mwera, Kianga, Chuini na kwengineko. Mji Mkongwe, uliotiwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, nyumba zake nyingi zimekuwa mahoteli na nyumba za wageni. Upande wa Ng'ambo wa karibu, Mchangani, Vikokotoni na Mlandege, vyumba vya chini vimegeuka maduka na vya juu bohari. Wazee wanabaki, watoto wao wakioa wanakwenda kujenga shamba, na wajukuu wanazaliwa huko huko.

Sasa hao 42 wa darasa la kwanza wasiotoka jirani wanafikaje? Aghalabu kwa daladala pamoja na mzazi anayefanya kazi mjini: mwenye meza Darajani, muuguzi wa Mnazi Mmoja, karani wa afisi ya Serikali. Mtoto anashuka naye asubuhi, skuli ikitoka anakwenda kwa bibi au anakaa dukani mpaka jioni. Hii ndiyo idadi inayopanda kwenu, na ina tabia yake. Haifuati mtaa, inafuata ajira ya mzazi na nauli. Mzazi akihamishwa kazi, au akifunga meza yake, mtoto anaondoka katikati ya muhula. Tena mtoto wa namna hii huondoka zaidi akifika darasa la tatu au la nne, kwa sababu sasa ni mkubwa wa kutosha kwenda kwa miguu skuli ya karibu na nyumbani. Huenda ndiyo maana madarasa yenu ya kati yanapungua kila moja kidogo kidogo, ingawa hilo lihakikishe kwenye barua za uhamisho kabla ya kuliandika.

Kwa hiyo jaza safu hiyo kwa madarasa yote sita, na usiridhike na jina la mtaa. Andika shehia. Watoto wanasema "nakaa Mombasa" na wanakusudia Mombasa ya hapa Unguja, tena mmoja yuko upande huu wa barabara na mwenzake ule, shehia mbili tofauti. Muulize mzazi sheha wake ni nani, hakosei. Na ongeza alama moja ndogo pembeni: M kwa anayekuja kwa miguu, D kwa daladala, G kwa anayeletwa na gari au vespa. Hiyo herufi moja itakufaa kuliko kurasa kumi za maelezo.

Onyo moja hapa, kwa sababu wengi wanateleza. Usipige kiwango cha uandikishaji cha skuli yako, kile cha kugawa wanafunzi kwa idadi ya watoto wa umri wa skuli katika eneo. Hesabu hiyo ni ya wilaya, mkoa au nchi. Kwa skuli moja ya mjini juu ya mstari una watoto wa Fuoni na chini ya mstari una watoto wa Kisiwandui. Kinachotoka ni namba isiyo na maana. Unaweza kupata asilimia 140 na ukadhani kila mtoto wa mtaa anasoma, kumbe wapo wanaouza karanga Darajani saa nne asubuhi.

Daftari

Vitabu viwili vinatosha, visichanganywe. Cha kwanza ni kitabu cha uandikishaji, ambacho kila mtoto anaingia mara moja tu maishani mwake hapo skuli na anapewa namba ambayo haipewi mtu mwengine hata akiondoka. Cha pili ni daftari la mahudhurio la darasa. Idadi unayopeleka kwenye takwimu za mwaka za Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali lazima itoke kwenye kitabu cha kwanza, ihakikishwe na cha pili, kwa tarehe moja iliyochaguliwa. Takwimu za Februari za darasa la kwanza na za Aprili za darasa la sita zikijumlishwa pamoja, hiyo si idadi ya siku yoyote.

Safu za kitabu cha uandikishaji: namba, majina matatu, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na imetolewa wapi (cheti, kadi ya kliniki, au maneno ya mzazi), shehia, anaishi na nani, alikotoka (skuli gani ya maandalizi, kituo cha TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, au nyumbani moja kwa moja), tarehe ya kuingia na darasa aliloingilia, mahitaji maalumu, tarehe ya kuondoka, sababu, na alikokwenda. Hizi tatu za mwisho ndizo zinazoachwa tupu katika skuli nyingi, na ndizo zitakazokuokoa.

Makosa ya kawaida nitayataja kwa uzito wake.

La kwanza ni mtoto aliyehama lakini jina limebaki. Mzazi hakuomba barua ya uhamisho, alimchukua tu wakati wa likizo na skuli mpya ikampokea. Sasa anahesabiwa mara mbili, kwenu na huko. Wanaorudi Pemba wakati wa karafuu ni mfano mzuri: mama anakwenda Wete kuchuma na wenziwe, anasema wiki tatu, zinakuwa miezi mitatu, mtoto ametiwa skuli ya huko. Usimfute kwa kudhani. Piga simu kwa mzazi, ukikosa muulize sheha, andika tarehe uliyouliza na ulichojibiwa, ndipo utie mstari mmoja kwa wino mwekundu. Jina libaki linasomeka.

La pili ni tahajia. Mohamed, Mohammed na Muhammad, Khamis na Hamisi, Asha na Aisha. Mtoto mmoja akiandikwa hivi na mwalimu wa maandalizi na vile na mwalimu wa darasa la kwanza, kwenye kompyuta amekuwa watoto wawili. Fuata cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi hata kama cheti kimekosewa; kukisahihisha ni kazi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

La tatu ni umri. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliufanya msingi kuwa wa miaka sita na mtoto aanze darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Chagua siku moja, 1 Januari inafaa, na hesabu umri wa kila mmoja siku hiyo kutoka tarehe ya kuzaliwa. Usimuulize mtoto ana miaka mingapi. Kisha panga darasa la kwanza kwa umri: wa 5, wa 6, wa 7, wa 8 na zaidi. Wa miaka 5 wakiwa wengi, tegemea waliorejea darasa watakuwa wengi mwakani, maana wazazi wamewaharakisha. Na watano wenu waliorejea ningeanza kuwatazama hapo. Wa miaka 8 na kuendelea, muulize mzazi mtoto alikuwa wapi. Majibu hutofautiana sana: maradhi, ulemavu ambao mzazi aliona haya kuusema, kutoka Bara katikati ya mwaka, au alikuwa chuoni tu akisoma Kurani na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumpeleka skuli.

Wanawake na wanaume

Kwa jumla mna wanawake 168 kwa wanaume 150, uwiano wa 1.12. Kimataifa usawa huhesabiwa kati ya 0.97 na 1.03, kwa hiyo mmevuka. Lakini darasa la kwanza ni 0.97, sawa kabisa, na la sita ni 1.58. Atakayeona namba hiyo ataruka kusema wavulana wameacha skuli wakaenda ufukweni na sokoni. Huko sekondari tatizo hilo lipo, wasichana ni wengi kuliko wavulana Zanzibar nzima. Hapa kwenu ngoja kwanza. Mwaka jana darasa la tano lilikuwa na wanawake 31 na wanaume 25. Mwaka huu darasa la sita ni 38 na 24. Wanaume wamepungua mmoja, wanawake wameongezeka saba. Inaonesha wasichana wamehamia. Darasa la sita ni la mtihani, na familia nyingi humleta binti mjini akae kwa shangazi au bibi ili asome twisheni na asirudi wakati wa magharibi peke yake kutoka mbali. Safu ya "anaishi na nani" ndiyo itakayothibitisha. Ikiwa ni hivyo, hao saba ni wageni wa mwaka mmoja, na hiyo 62 haikuwa nguvu ya skuli.

Vyumba na walimu

Hapa ndipo mtakapokamatwa au mtakapojitetea, hivyo zijue hesabu zote mbili. Ya wilayani ni hii: watoto 318 kugawa kwa 45 ni vyumba 7 na kidogo, mna 7, sawa, walimu 12 kwa 318 ni watoto 26 na nusu kwa mwalimu mmoja, walimu wamezidi, wapelekwe Magharibi B ambako hawatoshi. Na wasiwasi wao una haki.

Ya kwenu ni hii: watoto hawagawiki kama sukari. Darasa la kwanza la 61 likifuata 45 linataka vyumba viwili, la pili kimoja, la tatu lenye 46 kimoja tukifumba jicho, la nne la 50 viwili, la tano la 54 viwili, la sita la 62 viwili. Jumla ni vyumba 10. Mna 7, yaani madarasa matano yanakaa zima zima na moja tu limegawiwa. Ikiwa mmeligawa la sita kwa ajili ya mtihani, kama zifanyavyo skuli nyingi, basi watoto 61 wa miaka sita wamekaa chumba kimoja na mwalimu mmoja. Mimi ningegawa la kwanza: 31 na 30. Mtoto asiyesoma mwisho wa darasa la pili ndiye atakayerejea na ndiye atakayeondoka, na kila anayeondoka anarudi kwenye zile hesabu za juu. La sita lenye 62 ni kubwa, lakini linaweza kusomeshwa kwa zamu za somo, nusu hesabu na nusu Kiswahili, mradi walimu wapo, na nyinyi mnao.

Pia hesabu vichwa, mbali na majina. Siku tatu, Jumanne, Jumatano na Alkhamisi ya wiki moja ya kawaida, saa tatu asubuhi, mwalimu asiye wa darasa hilo apite ahesabu waliokaa. Epuka Ijumaa, wiki za Ramadhani na za baada ya Idd, na siku za mvua kubwa za masika ambapo daladala hazipiti na watoto wa mbali hawaji. Ukipata wastani wa 290 kwa walioandikwa 318, hilo ni la kawaida. Ukipata 250, rudi kwenye kitabu, kuna majina ya watoto wasiokuwepo tena.

Kubashiri darasa la kwanza la mwakani

Usitumie idadi ya wanaozaliwa hospitali. Anayezaliwa Mnazi Mmoja au Mwembeladu anaweza kuwa wa Makunduchi. Sensa nayo imeshachakaa kwa kazi hii: ilifanyika Agosti 2022, na mtoto atakayeanza darasa la kwanza Januari 2027 alikuwa na mwaka mmoja au miwili, familia imeshahama mara ngapi tangu hapo.

Njia tatu zinafanya kazi. Nenda skuli za maandalizi na vituo vya TuTu vya karibu, uliza watoto wangapi wanamaliza mwaka huu, na uliza hasa wazazi wanataka kuwapeleka wapi. Walimu wa maandalizi wanajua kila kitu. Nenda kwa masheha wa zile shehia tatu na uulize watoto wa miaka mitano, ukijua kwamba waliohama karibuni bado wamo kwenye buku lake. Na ya tatu, ambayo kwenu ina thamani kuliko zote: wapelekee wazazi wote kikaratasi chenye swali moja, "Mna mtoto wa miaka 3 hadi 5 nyumbani? Mtamleta skuli hii?" Kwa watoto wa daladala ndugu ndio hazina yenu. Mzazi anayeshuka mjini na mmoja atashuka na wawili. Majibu ya ndio yakiwa 40, weka matarajio ya 30, kwa sababu mdomo ni mwepesi kuliko nauli ya watu wawili.

Kuhusu kuunganishwa, nasaha yangu ni kwamba msitetee skuli kwa hoja ya watoto wa mtaa kutembea mbali. Darasa la kwanza lenu zaidi ya theluthi mbili wanatoka nje ya mtaa na karatasi zenu wenyewe zitasema hivyo. Tetea kwa mambo matatu yanayopimika: wapya wa kila mwaka kwa miaka mitatu, idadi ya watoto wa wafanyakazi wa mjini wasio na mtu nyumbani mchana, na nafasi ya skuli ya jirani. Ile ya tatu kaiangalie kwa macho. Ikiwa ina vyumba 12 na watoto 640, wastani wake ni 53, na ikipokea 318 wenu bila chumba kipya inakuwa karibu 80. Kama ina jengo jipya la ghorofa lenye vyumba vitupu, hoja hiyo huna, na ni bora uijue wewe kabla hujaambiwa mkutanoni.

Kwa afisi ya wilaya andika ukurasa mmoja. Juu weka wapya wa darasa la kwanza kwa kila mwaka tangu 2019, si jumla. Chini yake waliopanda, waliorejea na walioondoka kwa kila darasa, kwa idadi. Kisha shehia, kisha vyumba kwa hesabu ya 10 na 7. Jumla ya skuli iwe mstari wa mwisho, pamoja na tarehe iliyohesabiwa na jina la mwalimu mkuu aliyehakiki. Anza na walioondoka darasa la tatu na la nne. Hao bado wanakumbukwa na walimu wao, na namba za simu za wazazi bado zinaita.